Pale Mpima Alipokunja Kamba

Ukitembea na Mpima, hukumsemesha mpaka asimame mwenyewe. Alikuwa anahesabu. Midomo ilimchezacheza kama mtu anayesali, na kila akitimiza hatua mia alihamisha mbegu moja ya mbaazi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Tuliomjua tulimpungia mkono tu. Mgeni aliyemwamkia katikati ya hesabu alijibiwa marahaba ya haraka, kisha akashangaa kumwona mzee anarudi nyuma mpaka kwenye mti wa mwisho anaoukumbuka, anaanza upya.

Hakuwa mpima wa kusomea. Ujanani alifanya kibarua kwa wapima barabara waliokuwa wakitokea Nachingwea, akiwashikia mnyororo na kubeba miti yao ya mistari mieupe na miekundu. Kazi ilipokwisha waliondoka na vyombo vyao, yeye akabaki na jina. Ndilo nitakalotumia hapa. Jina lake la nyumbani wanalo wanawe, na sikuwaomba ruhusa.

Nilikaa naye kwenye kamati ya maliasili ya kijiji kwa miaka mingi. Mimi nimeishia darasa la saba, na kwenye kamati niliwekwa kwa sababu walitakiwa wanawake. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba kopo la rangi nyekundu. Mpima alitangulia na kamba yake ya katani yenye mafundo, mimi nikafuata na brashi, na kila mti aliougusa kwa kiganja niliuzungushia mstari mwekundu. Mti wenye mstari ulikuwa mpaka. Ndani yake ni msitu wa hifadhi ya kijiji: hakuna kukata mkaa, hakuna kufungua shamba jipya la ufuta, hakuna kuweka mitego.

Alipima kila kitu. Alipima milango ya nyumba za watu kabla hawajaingiza vitanda, akawaambia kitanda hakitapita, na hakikupita. Siku moja alipima magoli ya uwanja wa shule akakuta goli la upande wa kaskazini ni jembamba kuliko la kusini kwa futi nzima. Wenyeji tulilijua hilo muda mrefu. Timu yetu ilihakikisha kipindi cha pili, watu wakishachoka, inalinda goli lile jembamba. Mpima alikwenda kuwaeleza wageni kutoka Nandagala, mchana kweupe, mpira haujaanza. Tulifungwa mbili bila. Kwa wiki nzima hakuna kijana aliyemwamkia, na mwenye duka alimwambia tumbaku imekwisha huku pakiti zinaonekana rafuni. Mpima alicheka. Alisema goli lenye futi pungufu hata ukishinda umeshindwa.

Naanza na habari hiyo kwa makusudi, kwa sababu mtu huyohuyo baadaye aliitwa mla rushwa.

Usidhani aliwapenda wanyama. Watu wa mjini waliokuja kututembelea walitaka kumsikia akisema anawapenda tembo, na hawakumsikia. Tembo walikuwa wamemng'olea mihogo mara mbili na kumvunjia mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Akiwasikia wanavunja matawi ng'ambo aliwatukana kwa Kimwera, matusi ya wazi, mbele ya wakwe. Lakini hakuna aliyetetea mahali pao kama yeye. Alisema hivi, na alisema mara nyingi kiasi kwamba watoto walimwigiza:

"Simpendi tembo. Nataka awe na kwake. Asiye na kwake atakuja kwako."

Na kwake tembo, kwa upande wetu, ni bwawa. Liko chini ya mlima wa jiwe, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini, na kiangazi, mito midogo yote ikiwa imebaki mchanga na watu wanachimba visima vya mikono, pale maji yalibaki. Pofu walikuja pale, na ngiri, na swala. Mbwa mwitu niliwaona mara moja tu, wamelala kwenye kivuli cha jiwe kama mbwa wa mtu. Pembeni ya bwawa kuna udongo wa chumvichumvi ambao tembo wameulamba mpaka kukawa na pango. Mpima alisema msitu bila bwawa lile ni nyumba isiyo na jiko.

Lakini pembeni ya bwawa hilohilo kuna mahame. Ndipo walipokaa wazee wetu kabla watu hawajahamishwa kuja kijijini. Nyumba zilishaanguka siku nyingi, makaburi yapo. Koo nyingine ziliacha kwenda. Ukoo wetu tuliendelea kwenda kufagia na kumimina unga wa mtama chini ya mti, hata sisi tunaosali parokiani, na waliokufa kwetu tuliendelea kuwapeleka kule wakalale na wenzao.

Hapo inabidi niseme habari ya fito.

Mpima ndiye aliyepimia makaburi ya kijiji kizima. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini kaburi la Mwislamu alilijua na mwanandani wake, na kaburi la Mkristo alilijua na jeneza lake. Aliingia msibani na fito ndefu, akampima marehemu kwa mbali bila kumgusa, akaikata, akatoka nayo kwa wachimbaji. Alisema kaburi ni nyumba ambayo mwenyewe hatalalamika, kwa hiyo isikosewe. Alipofariki yeye, mvua za mwaka huu zilipoanza, hakuna aliyekumbuka fito. Wanawake hatukwenda makaburini, lakini niliambiwa: kaburi lilikuwa fupi, ikabidi lichimbwe tena watu wamesimama na maiti begani. Nilipoambiwa nilitoka nikaenda nyuma ya jiko.

Mwanangu wa kwanza aliitwa Editha. Alikuwa na miaka minne. Tulimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali Nachingwea, ilikuwa masika, barabara tope, pikipiki ikazama mpaka ekseli, na hatukufika. Mpima alikuja na fito yake ile ndefu kama kawaida. Akasimama mlangoni, akatazama. Kisha akatoka, na nikasikia panga likigonga mara moja tu. Alirudi ameshika kipande kifupi.

Tulimzika mahameni, pembeni ya bibi yake.

Baadaye Mungu akanipa Gaspar, na kijiji kizima kikaanza kuniita Mama Gaspar, kama ilivyo desturi ya watu kutaka kusahaulisha. Mpima hakubadilisha. Mpaka mwisho aliniita Mama Editha, mbele za watu, sokoni, mkutanini. Mwanzoni lilinichoma. Baadaye nikawa namtafuta ili aniite.

Sasa nieleze alivyokunja kamba.

Tulipopima mpaka, Editha alikuwa na miaka mitatu kaburini. Mstari aliokuwa ameukusudia ulipanda mlima wa jiwe, ukashuka ng'ambo, ukayachukua mahame na bwawa pamoja, ukaenda kukutana na kijito kinachoelekea Mbwemkuru. Wenzetu wanne walikuwa mbele wanafyeka njia. Tulisikia mapanga yao, hatukuwaona. Mimi nilikuwa na kopo langu. Siku chache kabla tulikuwa tumesomewa sheria ndogo: anayetaka kuingia hifadhini, kwa jambo lolote, apate kibali cha maandishi cha kamati. Tulipofika juu ya mlima nikayaona makaburi chini, nikamuuliza. Sikulia, wala sikupiga magoti. Niliuliza tu.

"Mzee, na mimi nikitaka kwenda kwa Editha, nitaandikiwa kibali?"

Aliyatazama makaburi kule chini. Kisha akaanza kuikunja kamba mkononi, fundo kwa fundo, akarudi hatua kadhaa, akageukia kulia. Akaugusa mti ambao haukuwa kwenye mstari wake. Nikaupaka rangi. Tukayazunguka mahame kwa nyuma, na kwa kuwa bwawa liko ubavuni mwa mahame, likabaki nje nalo, na kijito pia. Wenzetu walipouliza aliwaambia mahame yana wenyewe, hayafai kufungiwa. Wote walikuwa na watu wao kule. Wakaona ni heshima.

Hakuna aliyefikiri bwawa linahitaji mstari. Nani angechukua bwawa? Pale hapalimwi, ni mawe. Watu wanaogopa makaburi, na tembo ni walinzi wa kutosha. Ndivyo tulivyofikiri, na yeye pamoja nasi. Baadaye akaja afisa na kifaa cha kupimia mkononi, akatembea juu ya rangi yetu, mti kwa mti, ikawa ramani. Kwenye ramani kijani kimejaa vizuri, ila mahali pamoja kimeliwa kama jani la muhogo lililopitiwa na panzi.

Kwa miaka kadhaa panzi huyo hakutusumbua. Tulifanya kazi. Kila kiangazi tulifyeka mpaka na kurudishia rangi, kwa sababu Mpima alisema mpaka usiotembelewa unahama. Wachoma mkaa tuliwatoa. Mwaka mmoja alikula swala kwenye harusi ya mpwa wake, akidhani ni mbuzi. Alipogundua hakungoja kusemwa. Alikuja kwenye kikao, akasimama, akasema, "Kamati ina mhalifu, ni mimi. Nimekula, na mchuzi nikaongeza." Tulicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Yeye hakucheka. Kesho yake alikwenda kufyeka mpaka peke yake kutwa nzima kama adhabu ilivyoandikwa, na nilipompelekea maji alikataa kupumzika, akaniambia adhabu haina saa ya chai.

Halafu ikaja habari ya barabara, na barabara inataka kokoto. Kampuni ilitafuta jiwe zuri ikalipata kwenye mlima wetu.

Lazima niwe mkweli hapa kuliko mahali pengine. Barabara ile ni ileile pikipiki yetu ilipozama. Niliposikia itajengwa, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, tena furaha yenye hasira. Mpima naye hakuipinga. Alisema barabara siyo adui, adui ni kuchukua jiko la mwenzio ukapate mafiga.

Mkutano mkuu ulifanyika shuleni. Watu walijaa. Wengi walikwenda wakiamini hakuna la kujadili, kwa sababu bwawa ni la hifadhi, kila mtu anajua. Mtendaji alibandika ramani ubaoni, akaweka kidole. Kijani kinaishia hapa, alisema, mlima nusu uko nje, bwawa liko nje, mahame yako nje. Halafu mtu mmoja wa nyuma akauliza nani alipima.

Kila shingo ilimgeukia. Aliyeuliza akaongeza kwamba mzee anayejua futi moja ya goli hawezi kukosea bwawa zima. Akasema huenda wenye jiwe walishafika zamani na mtu alishakula mapema. Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mpima alisimama, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nilipinda mimi," alisema. "Kamba ilikuwa mkononi mwangu."

Wakamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba wakati ule aliona vema. Wakamuuliza tena, mwenyekiti mwenyewe akamsihi aeleze, na akarudia maneno yaleyale. Kisha akaketi. Hakunitazama. Angenitazama hata kidogo, nadhani ningesimama. Au nasema hivyo sasa.

Mikono ilipopigwa hesabu, kampuni ilikubaliwa. Walituahidi ajira na darasa moja, na darasa limejengwa, lipo. Makaburi hawakuyagusa. Waliyawekea uzio wa waya mzuri kuliko wa zahanati. Mlima ukaanza kupasuliwa, na maji ya bwawa yakavutwa kwa pampu kumwagia vumbi.

Tembo walikuja kiangazi cha kwanza wakakuta bwawa nalo limezungushiwa waya. Cha pili wakaja kijijini. Walivunja tangi la shule, walilala kwenye mihogo ya watu, na mama mmoja, jirani yangu, alikimbia akavunjika nyonga, mpaka leo anatembelea fimbo. Watu wakasema tembo wameongezeka. Mpima akasema hawakuongezeka, wamehama. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Kamati ilipendekeza tuupime mpaka upya hadi kwenye kile kijito kinachoelekea Mbwemkuru, tuyafungie maji machache yaliyobaki kule kabla hayajapata mwenyewe. Mara ya kwanza tulipolitamka, mtu alisimama akatuuliza, "Mnapima tena ili muuze tena?" na mkutano ukavunjika kwa zomeazomea. Mpima alitolewa kwenye kamati. Mimi nilibakizwa.

Mara ya mwisho niliyomwona vizuri ilikuwa kiangazi kilichopita. Nilikwenda kufagia. Siku hizi ukienda kule unakuta geti, na mlinzi wa geti ni Myao mmoja wa kijijini kwetu ambaye zamani alikuwa akifanya doria kwenye msitu wetu. Wayao na sisi Wamwera ni watani. Nilimkuta Mpima amekaa juu ya jiwe nje ya geti, amekonda, mbegu za mbaazi amezimwaga kwenye kofia yake.

"Mama Gaspar, mchukue mtani wangu," mlinzi aliniambia. "Siku ya tatu hii anakuja kukaa hapo kama kuku anayeatamia. Nimemwambia aandike jina aingie, hataki. Mpima, umechoka kuhesabu miguu sasa unahesabu magari yetu?"

"Nahesabu Wayao waliopata viatu," Mpima alisema. "Nimefika mmoja."

Mlinzi alicheka akatazama buti zake. Kisha akanisogezea daftari, kwa sababu utani hauondoi daftari. Jina, utokako, saa ya kuingia, sababu. Nikaandika jina langu. Kwenye sababu kalamu ilisimama. Sababu niliijua, lakini ndipo nilipoona nilichokuwa nafanya: nilikuwa naomba kibali cha kwenda kwa Editha. Mpima alikuwa amesimama nyuma yangu, anaona. Mwishowe nikaandika "kaburi". Akaichukua kalamu mkononi mwangu, na chini ya jina langu akaandika lake, na kwenye sababu akaandika "kufagia".

Tulifagia pamoja. Vumbi la mawe lilikuwa jeupe juu ya makaburi yote, ukilifagia linarudi. Bwawa lilikuwa tope lililopasuka, na nje ya waya kulikuwa na njia pana ya nyayo za tembo, inafuata uzio mpaka mwisho, inageuka, inarudi, kama mtu anayetafuta mlango. Mpima alilaza fimbo yake kwenye kaburi la Editha, akaangalia, akatikisa kichwa polepole. Alisema kipimo kiko vilevile.

Nikamwambia nilichokuwa nimekibeba miaka yote.

"Mzee, mkutano ujao nitasema. Nitasema mimi ndiye niliyekuuliza pale juu, na wewe ukakunja kamba kwa ajili yangu."

Aliendelea kufagia. "Hukunituma. Uliuliza. Kukunja nilikunja mimi."

"Lakini watu hawajui."

"Na wakikuuliza, siku ile ya mkutano ulikuwa wapi?"

Alisimama akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shuleni, bila ukali.

"Mama Editha, usiseme kwa ajili yangu. Jina langu limeshazoea. Lakini ukisema la kamba ukaacha la mkutano, utakuwa umepima nusu, na watu hawatauamini mpaka wa kijito. Tafuta jibu kwanza."

Getini tuliandika saa ya kutoka. Mlinzi alimpa Mpima maji, akayanywa, akamwambia Mwenyezi Mungu amlipe yeye na viatu vyake. Kisha akatangulia njiani. Nilitaka kumwita, nimwambie twende wote. Lakini midomo yake ilikuwa imeanza kucheza, na mkono ulikuwa mfukoni, kwenye mbegu. Nikamwacha. Sikumwona tena mpaka msiba.

Mkutano mkuu umeitishwa baada ya Pasaka, na mpaka wa kijito umo kwenye ajenda. Nimeomba nafasi ya kusema kabla ramani haijabandikwa. Sitaanzia juu ya mlima. Nitaanza na swali aliloniachia, kwa sababu jibu lake halikuwa gumu kulipata, lilikuwa gumu kulitamka. Siku ile nilikuwepo. Nilikaa safu ya tatu, upande wa madirisha, ncha ya khanga mdomoni, nilisikia kila neno walilomwambia, na nilinyamaza.